Neno Linaloachwa Mlangoni

Theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi Sumie alichukua sepetu, akafungua njia mbele ya nyumba. Kisha akapika wali na supu. Binti yake, Kotone, alikula huku akisinzia.

"Mama, leo ndiyo siku ya kwenda kwa babu wa treni?"

"Ndiyo."

"Utaenda kweli?"

"Kula. Shule inakungoja."

Babu wa treni alikuwa Mzee Kuramochi, mkuu wa stesheni aliyestaafu. Sumie aliwahi kuiba dukani mara kadhaa. Mara ya mwisho hakimu alimhukumu kifungo, lakini akakisimamisha. Alimwacha aishi nyumbani chini ya uangalizi, yaani probesheni. Asiibe tena, na akutane na msimamizi wake kila anapopangiwa. Msimamizi huyo huwa mwananchi wa kawaida anayejitolea, akishirikiana na afisa wa serikali; wa Sumie alikuwa Mzee Kuramochi. Sumie akivunja masharti, angeweza kurudishwa mahakamani, kisha jela. Na Kotone hakuwa na mtu mwingine.

Tayari alikuwa amekosa kwenda mara mbili. Siku hiyo alifika hadi kwenye lango la mzee. Akasimama. Akageuka na kurudi mbio, theluji ikimwingia viatuni. Alijichukia.

Mchana mlango uligongwa. Alikuwa mama mnene, amevaa mabuti, amebeba bakuli la tofu, chakula laini cheupe cha maharage ya soya.

"Naitwa Tokiwa. Nauza tofu pale darajani. Mimi pia ni msimamizi wa kujitolea. Mzee Kuramochi kanituma."

Roho ilimpaa Sumie. "Amenishtaki?"

"Akushtaki! Mzee wa watu hata usingizi hapati kwa ajili yako. Niingie, au umeamua nigande hapa?"

Waliketi, Sumie akamimina chai.

"Hali yako, mwanangu?"

"Daijobu," Sumie alijibu, akainamisha kichwa.

Wajapani hulisema neno hilo kila saa. Maana yake niko sawa, hakuna shida. Tena maana yake hapana, asante, sihitaji kitu. Sumie alilisema kwa jirani wakati jicho lake limevimba. Alilisema kwa polisi. Alilisema kwa Mzee Kuramochi kila alipomwuliza.

"Usingizi unapata?"

"Daijobu."

"Mtoto je?"

"Daijobu."

Mama Tokiwa alicheka hadi chai ikamwagika. "Wewe! Hata ungekuwa unazama mtoni ungesema daijobu. Sikiliza. Kwangu neno hilo haliingii. Liache mlangoni, pamoja na viatu. Sasa niambie, kwa yule mzee kuna nini?"

Sumie alifuta polepole chai iliyomwagika. Chai ikapoa.

"Mlango," alisema mwishowe. "Anafunga mlango wa chumba. Ni mtu mwema, najua. Lakini mume wangu wa zamani alikuwa akifunga mlango kwanza, halafu ndipo anapiga. Mlango ukifungwa, sisikii tena ninachoambiwa."

"Mzee anaufunga ili majirani wasisikie mambo yako. Anakustiri."

"Ndiyo maana sikuweza kumwambia. Ningemvunjia heshima mtu anayenisaidia."

"Basi mwenyewe ameona. Kaniambia, 'Nikifunga mlango, yule binti anabadilika sura. Nadhani nimekosea mahali. Nenda wewe kamwulize, mwanamke kwa mwanamke.'"

Sumie alipigwa na butwaa. Mzee ameona! Miaka yote aliamini kwamba hakuna mtu anayemwona. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Na mara ya mwisho uliiba nini?"

"Mikate ya sukari. Sikuwa na njaa. Nikishikwa na hofu, mkono unakwenda wenyewe."

"Kuiba ni kosa, na kosa ni lako. Hapo sikubembelezi," alisema Mama Tokiwa. "Lakini hofu ya namna hiyo ni jeraha, na jeraha linatibiwa. Wanawake wengi tunaowasimamia wamepigwa, au wanalea watoto peke yao. Tukiwapangia kila kitu kama tunavyowapangia wanaume, wanashindwa, kisha tunawaita wakaidi. Unaweza kuomba utaratibu unaokufaa. Ila lazima useme."

"Niombe? Mimi, mtu wa kifungo?"

"Wewe, naam."

Kesho yake walikwenda pamoja kwa afisa wa uangalizi. Sumie alieleza habari ya mlango. Akangoja kukaripiwa.

"Usikose tena bila kutuarifu," alisema afisa. "Na ahsante kwa kutuambia. Sasa tupange upya."

Sumie alimkodolea macho. Neno moja limetoka kinywani mwake, na ofisi nzima ya serikali imesogea!

Tangu hapo msimamizi wake alikuwa Mama Tokiwa. Walikutana asubuhi, Kotone akiwa shuleni, katika duka la tofu lenye mvuke. Mlango ulikuwa wazi. Mikono ikifanya kazi, maneno yalitoka yenyewe. Sumie alipelekwa pia kwa mshauri nasaha anayewasaidia wanawake waliopigwa. Tena alijiunga na kikundi cha wanawake walioiba kama yeye. Watoto wao walicheza chumba cha pili. Siku ya kwanza, mwanamke mmoja nadhifu, mwalimu wa zamani, alisema, "Nilificha mikate kabatini mpaka ikaota ukungu." Sumie alishika mdomo. Alidhani ni yeye peke yake duniani.

Theluji ilipoyeyuka, Sumie alikuwa dukani akinunua mayai. Nyuma yake mwanamume akakohoa. Kilikuwa kikohozi kama kile cha mume wake wa zamani. Hakuwa yeye, lakini mwili haukungoja kujua. Mkono wake ulichukua mkate, ukaanza kuelekea kwenye mfuko wa koti.

"Dada, uko daijobu?" aliuliza msichana muuzaji.

Neno lile lilikuwa limeshafika ulimini. Sumie akalimeza.

"Hapana," alisema. "Siko daijobu. Tafadhali upokee huu mkate. Nataka kumpigia mtu simu."

Msichana aliupokea kwa mikono miwili, kisha akamletea kiti. Kiti! Sumie alikitazama, asiamini kwamba ni chake.

Mama Tokiwa alifika akihema, aproni yake ikichuruzika maji.

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Umesema?"

"Nimesema."

Mama Tokiwa, mtu wa kucheka, akalia palepale mbele ya mayai.

Muda wa uangalizi uliisha bila kosa jingine. Siku hiyo Mzee Kuramochi alikuja kula tofu ya moto kwa Sumie. Baridi ilikuwa imerudi. "Nitakufa na upepo huu," alinung'unika, lakini mtu alipotaka kufunga mlango, alikataa katakata.

Mara Kotone akaingia kutoka nje. Alikuwa ameteleza, goti linatoka damu. Midomo ilimtetemeka.

"Daijobu," alisema.

Sumie alipiga magoti mbele yake.

"Hilo liache mlangoni, mwanangu. Inauma?"

Kotone alimtazama mama yake, kisha akaangua kilio.

"Inauma, Mama. Inauma sana."

"Haya, njoo," alisema Sumie, akamfungulia mikono.