Jina la Wamuyu, Damu ya Njoka

Kila Jumamosi, wakishapeleka majani ya chai kituoni, Gladys alichemsha maji, akayaacha yapoe, kisha akaosha jicho la bandia la mdogo wake Njoka. Njoka alikuwa na umri wa miaka minne. Jicho lake la kushoto lilikuwa limetolewa hospitalini mwaka uliopita kwa sababu ya saratani.

"Usiliangushe," Njoka alimwonya. "Kuku watalidonoa."

Cucu, nyanya yao mzaa baba, alicheka. Alimwita Njoka "mume wangu", kwa kuwa alipewa jina la marehemu babu, na babu naye aliishi na jicho moja tangu utotoni. Kwa Cucu, jambo hilo lilieleweka: ugonjwa ulikuja pamoja na jina.

Ndiyo maana mama alipojifungua mtoto wa kike, mabishano yalianza hapo nyumbani Kibugu. Daktari Kiambi, aliyemtibu Njoka mjini Embu, alikuwa amempima damu. Aliwaeleza kwamba saratani ya Njoka ilitokana na kasoro katika jeni, na kwamba mzazi anaweza kumrithisha mtoto kasoro hiyo. Aliomba kila mtoto atakayezaliwa apelekwe mapema, apimwe. Cucu alikataa. Mtoto huyu aliitwa Wamuyu, jina la nyanya yake mzaa mama, ambaye hadi leo hutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Kwa nini atolewe damu bure? Tena majirani wangesema ukoo una damu mbaya. Baba yao, Nthiga, hakupenda kumpinga mama yake, akasema wangoje kidogo.

Gladys hakutaka kungoja. Njoka alipelekwa hospitalini amechelewa, akapoteza jicho. Hata hivyo, hakumjibu Cucu kwa ukali. Kila jioni alikaa naye jikoni wakipukuchua maharagwe, akamwuliza habari za babu na ndugu zake, mmoja baada ya mwingine. Mwishowe Cucu akamtaja Ngari, mdogo wake babu, aliyefariki akiwa mtoto.

"Alifariki kwa nini, Cucu?"

"Ni jicho. Jioni lilikuwa liking'aa kama la paka. Halafu likavimba."

"Na alipewa jina la nani?"

"La mjomba wake. Mzee yule macho yake yalikuwa mazima mpaka alipokufa." Ganda la maharagwe lilibaki mkononi mwa Cucu.

Kabla ya kulala, Cucu alimwita baba.

"Nthiga, kesho mpeleke huyu mtoto. Mimi ndiye nitakayembeba."

Daktari Kiambi alichukua damu ya Wamuyu, ya baba na ya Gladys. Majibu yalipofika, walijua kwamba baba alikuwa na kasoro ile ingawa hakuwahi kuugua. Gladys hakuirithi. Wamuyu aliirithi. Mama alilia. Baba aliuliza kwa sauti ya chini kama ni yeye aliyewaumiza watoto wake. Daktari alimwambia hapana, hakuna mzazi anayechagua atakachorithisha. Kwa kuwa sasa walijua, Wamuyu angechunguzwa macho mara kwa mara.

Katika uchunguzi wa pili, doa dogo kuliko punje ya wimbi lilionekana ndani ya jicho lake la kulia. Lilichomwa kwa mwale wa leza kabla halijakua. Baada ya matibabu kurudiwa, macho yote mawili yalisalimika.

Habari hizo zilifika kituo cha chai. Jirani yao, Mama Bundi, alimwuliza Cucu mbele ya watu kama haoni aibu kutangaza ugonjwa wa ukoo wake. Gladys aliinamisha kichwa. Cucu aliweka kikapu chake kwenye mizani kwanza, kisha akageuka.

"Wazee wetu hawakuujua ugonjwa huu, wakamzika Ngari," alisema. "Njoka tulimchelewesha, akapoteza jicho. Wamuyu tumempima mapema, na anaona. Mjukuu wangu huyu aliniuliza maswali mpaka nikafikiri. Jina tunalichagua sisi, lakini damu hatuichagui. Tunachoweza ni kuipima. Wewe pia una wajukuu, Mama Bundi. Ukiona jicho la mtoto linang'aa, usione aibu. Mpeleke."

Mama Bundi alisogea karibu, akauliza hospitali yenyewe iko upande gani.