Aliyeitika Kwenye Matete

Jua lilikuwa linazama nilipoteremka na dumu langu kuteka maji kwenye chemchemi yetu, ukingoni mwa mto Huab. Mto wenyewe ni mchanga mtupu, mwaka wa nne sasa. Nikamkuta binti yangu Ludwina na gari lake la watalii. Wageni sita, wamejipaka mafuta ya jua weupe pee kama maiti waliofukuliwa, wanasubiri tembo.

"Mwanangu," nikamwuliza, "hawa umewatambulisha?"

Kwetu mgeni hasogelei maji yale mpaka mzee apige funda, amrushie utosini kwa kinywa, awaambie wahenga: huyu ni wetu, msimguse.

"Mama, usiniaibishe," akaninong'oneza. "Wamekuja kuona tembo, siyo kutemewa mate na kibibi."

Kibibi! Na tumbo lililombeba ndilo hili! Nikasusa. Nikajaza dumu langu, nikakaa juu ya jiwe, mdomo nimeufunga kwa hasira. Kosa langu ni hilo, silifichi.

Tembo wakaja, mama na ndama. Wakayanusa maji... wakageuka. Tembo wa jangwani, wenye kiu, wakakimbia bila kunywa!

Matete yakatulia. Hata chura hakulia.

Wageni wakapanda gari. Ludwina akageukia matete akaita, kama aitavyo kila safari, "Kuna aliyebaki? Njoo twende!"

"Nipo..."

Sauti ndogo. Ina maji ndani yake.

Akatoka mtu mrefu, kofia imemfunika uso. Akapanda mbele, kando ya binti yangu. Hakuna mgeni aliyemtazama. Harufu ya tope la kale ikanijaa puani. Chini ya mlango, maji yakaanza kudondoka.

To... to... to...

Walikuja sita. Huyu wa saba ni nani?

Nikaushika mlango. "Shuka wewe! Nani kakuleta humu?"

"Huyu," akanong'ona, kidole chake kwenye shavu la Ludwina. "Kaniita mwenyewe."

"Kakuita kwa ujinga! Ana mama huyu, na mama yake hajafa! Shuka, mnuka tope wewe, kabla sijakuvua hiyo kofia!"

Ludwina macho yamemtoka. Nikapiga funda kutoka kwenye dumu, nikamrushia utosini mbele ya wageni wake wote. Nikawaita wafu wangu kwa majina: bibi Elfine, mama Hildegunde. "Huyu ni wetu! Msimguse!"

Kiti kikawa kitupu. Kimelowa chapachapa.

"Mama..." akalia, akanikumbatia kama mtoto mdogo. Nikadhani nimewahi.

Lakini tangu jioni ile hajanywa maji. Hata tone. Na midomo yake haikauki. Namwekea kikombe mezani. Anakiinamia, anatega sikio, kisha anacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa na shoga yake. Hapo hasira hunipanda, nikakinyakua, nikamwaga maji yote nje, kwenye mchanga huu wenye kiu ya miaka minne.

Mchanga hauyanywi.