Saa ya Kengele Hairudishwi Nyuma

Majirani zangu, na wewe uliyehamia mtaani juzi usiyejua lolote, leo nawasimulia kisa ambacho sikukitia chumvi. Mnacheka, najua. Jina la Mzee Chumvi nilipewa zamani nilipokuwa karani wa posta, na nililitolea jasho. Lakini kisa hiki kilinichapa mimi mwenyewe, ndiyo maana leo nakitoa kikavu.

Mnalikumbuka duka la Fundi Saa? Ukitoka kazini jioni ulilisikia kabla hujaliona. Ukutani saa thelathini na moja, kila moja na mdundo wake, na mbele, ikitazama dirishani, ile kubwa ya kengele iliyoendesha mtaa mzima. Muuza mikate alifungua tanuri kwa kengele hiyo. Walimu walifunga shule kwa kengele hiyo. Fundi mwenyewe ameinama mezani, lenzi jichoni, kibano mkononi, na mimi kwenye benchi lake na gazeti, namdanganya.

"Endelea," angesema bila kuinua kichwa. "Huyo nyoka sasa alikuwa na urefu gani?"

"Aliziba barabara, watu wakamlipa nauli."

Anacheka puani tu, asije akapuliza skrubu ikapotea. Ah, siku zile!

Mtu yule alikuwa na adui mmoja duniani: sumaku. Saa ikilala karibu na spika ya redio, utepe wake wa ndani, mwembamba kama unywele, unashikamana, na saa inaanza kukimbia kama imeona polisi. Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: USIINGIE NA SUMAKU. Saa iliyokwisha kudhurika aliiweka juu ya kisanduku chake cha bluu chenye waya uliozungushwa ndani. Anabonyeza kitufe, kinaunguruma, anaiinua saa taratibu, imepona. Kisanduku hicho alikiita Mganga. Kikumbukeni.

Basi siku moja bisibisi ikaanza kucheza vidoleni mwake.

"Baridi," akasema. Sisi wote tulikuwa tunajipepea kwa magazeti.

Tangu hapo mkono wa kulia ukahamia mfukoni. Hatua zikafupika, uso ukakakamaa. Wapo waliosema amezidisha chupa, mtu ambaye hata dawa ya kikohozi ilimlevya. Aliyeujua ukweli ni binti yake, mwalimu wa hesabu. Mafundi saa, wakimaliza kazi, hukwaruza tarehe kwa ncha ya sindano ndani ya kifuniko. Binti alifungua saa nne alizozitengeneza baba yake mwaka ule, akazipanga mezani. Tarehe zilikuwa zinapungua ukubwa, moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mwisho ikawa kama sisimizi anayeondoka zake.

Akampeleka hospitali. Ugonjwa wa Pakinsoni, wakaambiwa: ubongo unashindwa kuupa mwili amri zake sawasawa. Akapewa vidonge, vikamnyoosha. Baada ya muda vikawa vinaisha nguvu kabla ya saa ya dozi nyingine. Ndipo daktari akasema kwamba katika hospitali kubwa wanajaribu kuongezea tiba nyingine, ya kupiga mapigo ya sumaku juu ya kichwa, bila kisu wala sindano.

Fundi akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi.

"Chumvi, wanataka kunitia sumaku kichwani. Mimi!"

Ndugu zangu, hapo nilipaswa kusema neno dogo tu: sijui. Lakini macho yake yalinitazama kama yalivyonitazama kwenye kile kisa cha nyoka, na mdomo wangu ukatangulia.

"Usithubutu," nikasema. "Yupo mmoja alitoka humo, vijiko vya jikoni vikamfuata mpaka mlangoni. Mkewe akawa anamtumia kutafutia sindano."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikadhani hakunisikia vizuri.

Hakwenda. Mwezi ukapita, mwaka, miaka miwili. Duka likafungwa, na ile saa kubwa ikasimama, saa kumi na moja na robo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuigusa. Nyumbani alikaa kwenye kiti kimoja. Mkewe, ambaye kwa urafiki wetu namwita shemeji, ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Siku moja nikamkuta shemeji amesimama jikoni na kikombe mkononi, hanywi, haoshi.

"Ameanguka tena msalani, shemeji," akaniambia. "Nikimtajia hospitali ananiambia habari za vijiko. Vijiko gani hivyo? Mimi nikadhani amechanganyikiwa."

Nilitamani sakafu ipasuke.

Binti alikuwa mlangoni. Watu wa hesabu, nawaambia, wanajumlisha haraka.

"Baba mdogo. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi twende. Utamwambia kwa mdomo huohuo."

Tukaingia chumbani. Nikamwinamia. "Fundi, ile habari ya vijiko niliitunga. Hakuna mtu kama huyo."

Akanitazama. Uso wake ulikuwa umeganda kwa ugonjwa, kwa hiyo sikujua kama ni hasira.

"Umetunga maisha yako yote," akasema polepole. "Nilijua. Lakini niliogopa, Chumvi, na uongo wako ulinipa pa kujificha."

Binti hakutuachia nafasi ya kulia. Akatoa kwenye mkoba kile kisanduku cha bluu, akakiweka magotini pa baba yake.

"Baba, Mganga anatibu kwa kutumia nini?"

"Umeme. Unapita kwenye waya..."

"Unapita, halafu?"

 Fundi akakishika kile kisanduku kwa mikono miwili inayotetemeka.

"Unazaa sumaku," akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama watoto, miaka arobaini nimetibu kwa sumaku, halafu naikimbia."

"Na mimi nimekufunga vifungo miaka miwili," shemeji akasema. "Vaa viatu."

Hospitalini daktari hakutupambia maneno. Alituambia haiponyi ugonjwa, bado inachunguzwa, wengine inawalegeza viungo kidogo na wengine hawaoni tofauti, na vidonge haviachwi. Mtaalamu wa mashine akamuuliza kama ana chuma chochote kichwani, au kifaa moyoni.

"Kichwani nina saa tu," akajibu.

"Basi ya mkononi uivue, mzee."

Saa ile alipewa na aliyemfundisha ufundi, sijawahi kumwona bila hiyo. Akaivua, akanipa. "Ishike. Usiisimulie chochote."

Wakamkalisha, wakaweka juu ya kichwa kifaa chenye umbo la namba nane. Kikaanza: tak-tak-tak-tak-tak. Shemeji akanibana mkono nusura auvunje. Fundi akafumba macho, akainamisha sikio kama zamani mezani kwake.

"Mara tano kwa sekunde," akasema.

Mtaalamu akatazama mashine yake, akamtazama yeye. "Umejuaje?"

"Ndivyo zinavyopiga saa za enzi zetu."

Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, pembe ya mdomo wake ikapanda.

Tukawa tunampeleka kila siku; wiki ya kwanza hatukuona kitu. Wiki ya tatu akavuka uwanja wa hospitali kwa hatua za mtu mwenye afya, akafunga vifungo viwili vya shati peke yake, cha tatu akamwachia mkewe, nadhani kwa upendo. Skrubu ndogo hazikurudi mkononi mwake hata leo. Daktari alisema hawezi kujua ingekuwaje kama angekuja mapema. Hilo linaniuma zaidi, kwa sababu sitajua kamwe.

Jioni moja, saa kumi kamili, akatuomba tumfungulie duka. Vumbi kila mahali. Ile saa kubwa bado ilisema kumi na moja na robo. Nami, kwa kutaka kusaidia, nikanyoosha kidole niirudishe nyuma kwa saa moja na robo.

Akanipiga kofi mkononi. "Wee! Utavunja meno yake. Saa ya kengele hairudishwi nyuma."

"Basi na ile miaka miwili niliyokupotezea..."

"Nayo vilevile. Shika kiti nisimame."

Akapanda. Kwa mkono wake unaotetemeka akasukuma mshale mbele, akisimama kila saa mpaka kengele imalize. Mara kumi na moja, mpaka ikafika kumi. Muuza mikate akatoka nje, na walimu, na mimi nimeshika kiti, machozi yananidondokea kwenye viatu. Hilo nalo si chumvi.

FUNZO

Ndugu zangu, mzaha juu ya ugonjwa wa mtu humwingia yule anayeogopa na kukaa humo. Anayetetemeka si mlevi, ni mgonjwa, na afichwaye ndani hachelewi kuanguka. Msikimbie tiba kwa kusikia jina lake, wala msiikimbilie kama muujiza. Kamuulizeni daktari.

Mimi siku hizi bado nadanganya, nyoka wangu sasa ana mabawa. Lakini mtu akinitajia maradhi, nina jibu moja, na nimelizoeza ulimi: "Sijui. Twende tukaulize, nitakushikia saa."