Hauki wa Kwanza na Glavu za Irja

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Moshi ulipanda wima kutoka kwenye mapaa, ziwa lilikuwa limeganda siku chache tu, na jirani yangu Irja alikuwa jikoni akipaka siagi kwenye mkate mweusi. Gauni la harusi la binti wa mchungaji lilining'inia kando ya cherehani yake. Mkono wa Irja mnaujua. Nusu yenu mmevaa nguo alizoshona.

Kisha mumewe, Tauno, akavaa buti.

Kijijini kwetu tuna upuuzi mmoja tunaouita mila. Anayevua hauki wa kwanza kupitia barafu, picha yake hutundikwa mkahawani, na wanaume wazima humpisha kiti cha karibu na jiko mpaka theluji iyeyuke. Hauki! Samaki mwenye mdomo wa bata, meno ya msumeno na miiba isiyokwisha. Kwa ajili yake watu hukanyaga barafu ambayo hata paka angeikataa.

"Baba Venla, ngoja barafu inenepe," Irja alisema. "Pale kijito kinapoingia, maji hayalali."

"Hauki naye yuko palepale. Nimngoje Reijo amtoe?"

"Basi vaa misumari yako."

Ni misumari miwili yenye mishikio ya mbao, tunayoitundika shingoni ili anayetumbukia aichomeke kwenye barafu na kujivuta. Tauno aliiacha ukutani.

"Hiyo ya watoto. Reijo akiniona atanicheka."

Reijo ndiye aliyekuwa pichani mwaka uliopita. Mtu mzima, baba wa mtoto, akaogopa kicheko cha Reijo, ambaye hata meno ya kuchekea hana!

Irja alimjua mumewe. Alichukua ngazi na kamba, akamfuata mpaka ufukoni. Tauno hata mtaimbo wa kupimia barafu hakuutumia. Alitoboa tundu kwa keekee, akatega, na punde kibendera cha mtego kikainuka, ishara kwamba samaki amenasa. Akatoa hauki mrefu kama mkono wake, akaruka kwa furaha.

Ndiyo, aliruka. Barafu ikaachia.

Irja alilala juu ya ngazi, akajisogeza, akavua glavu ili afunge fundo, akarusha kamba.

"Shika!"

"Shika samaki kwanza!" Tauno alifoka, maji yakiwa shingoni.

"Tauno, mwachie huyo mnyama!"

"Samaki kwanza, mwanamke!"

Irja akampokea samaki. Kisha akamvuta mume kwa mikono mitupu, kamba ikichuruzika maji.

Tauno alipotoka alitetemeka, akasema, "Nipe glavu zako, huyu anateleza." Akazivaa, akabeba hauki, akakimbilia mkahawani kupigwa picha. Irja alirudi akitambaa kwa viganja vilivyolowa, akiburuta ngazi. Mimi ndiye niliyemkuta ufukoni. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa, vimekufa kwa baridi. Daktari alikata ncha zake.

Irja alipotoka hospitali, alipita mkahawani, mikono ikiwa kwenye bandeji. Tauno alikuwa kwenye kiti cha jiko, akisimulia alivyojivuta mwenyewe majini.

"Shemeji!" Reijo akaita. "Mumeo simba!"

"Mwulizeni simba pale pichani amevaa glavu za nani," Irja akajibu.

Wote wakageukia ukutani. Pale pichani, chini ya hauki, zilionekana glavu nyekundu za sufu zenye nyota nyeupe, alizozifuma Irja. Hakuna aliyecheka, hata Reijo.

Irja alihamia kwa binti yake Venla, mjini. Gauni la harusi lilimaliziwa na fundi mwingine, na mshono unaonekana. Tauno sasa hufunga koti kwa kamba, maana kifungo hajui kushona. Alimwomba mwenye mkahawa aiondoe ile picha.

"Ushindi ni ushindi, bwana," akajibiwa. "Mpaka theluji iyeyuke."

FUNZO

Mwanamume anayeogopa kuchekwa kuliko kufa ni mjinga, na ujinga wake hulipwa na mkewe. Nanyi mnaompisha kiti na kumpigia makofi, msijifanye watazamaji: ninyi ndio mliomsukuma kwenye barafu. Sifa za mkahawani hazishoni nguo. Vaeni misumari yenu, na glavu za wake zenu mziache mikononi mwao.