Mia Moja Iliyozidi

Kila siku shule ikiisha, Émérance alipitia ukumbi wa parokia, mtaani Kimanga, Uvira, akapanga foleni mbele ya kompyuta. Ilikuwa moja tu kwa klabu nzima ya kompyuta, tena ya umeme wa jua, kwa hiyo mawingu yakitanda kila mtu alirudi nyumbani na programu yake kichwani. Émérance alikuwa na miaka kumi na tatu, na kwa kuandika programu hakuna aliyemfikia. Naye alilijua hilo, tena alilijua mno.

Mwezi ule likaja fumbo la mashindano kutoka Bukavu: namba tasa ziko ngapi chini ya elfu moja? Namba tasa ni namba kubwa kuliko moja, isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe, kama tatu au kumi na moja. Mwalimu Niyonzima, msimamizi wa klabu, alikatazwa kuwasaidia. Wanafunzi wangechagua jibu wenyewe, na mwenye jibu angesafiri kwenda kulieleza. Émérance hakuwahi kufika Bukavu, na safari hiyo aliitaka mpaka akawa anaiota.

Darasani walikuwa wamekariri jinsi ya kutambua namba zinazogawanyika kwa mbili, kwa tatu na kwa tano. Basi akazibakiza mbili, tatu na tano zenyewe, akaiagiza kompyuta iondoe namba zote zinazogawanyika kwa hizo na kuhesabu zilizosalia. Ikatoa 268. Fabiola, msichana mpole aliyehamia kutoka kijiji cha Runingu, alipata 168.

“Weye umepoteza mia nzima,” Émérance alimwambia. “Uliziacha Runingu?”

Ukumbi ukaangua kicheko. Fabiola akainamisha kichwa, akaketi. Jibu la Émérance likachaguliwa, litumwe Jumamosi mchana.

Jumamosi asubuhi alimsaidia mama yake sokoni. Nyanya zilikuwa ndogo, kwa hiyo mama alimwambia apange mafungu ya saba saba, na zitakazobaki ziwe za matabishi, maana mteja wa Uvira hanunui fungu bila kuongezewa kidogo. Alipomaliza, kikapu kilikuwa kitupu.

“Mama, leo hakuna ya matabishi. Zote zimeingia kwenye mafungu.”

“Mafungu mangapi?”

“Kumi na tatu.”

Hapo akazidisha kichwani. Saba mara kumi na tatu ni tisini na moja, na tisini na moja alikuwa ameiona kwa macho yake kati ya namba zake tasa. Kumbe programu yake haikujaribu hata mara moja kugawanya kwa saba!

Akaomba ruhusa, akakimbilia ukumbini kabla ya wenzake. Safari hii aliiagiza kompyuta ijaribu kugawanya kila namba kwa zote zilizo ndogo kuliko yenyewe, kuanzia mbili. Ikatoa 168. Lo, lilelile la Fabiola! Angeweza kusema amerekebisha kidogo tu, na safari ingebaki yake. Nani angemuuliza? Lakini jibu lile lilikuwa na mwenyewe, naye walimketisha kwa kicheko.

Wenzake walipofika, akasimama, akaeleza kosa lake lote, mpaka habari za nyanya. Kisha akamgeukia Fabiola.

“Minye ndiye niliyekosea. Jibu ni lako tangu mwanzo. Unisamehe.”

Machozi yalimtoka Émérance. Fabiola akamshika mkono, na mwalimu akatuma 168 kwa jina la Fabiola.

Wiki iliyofuata Bukavu wakajibu kwamba hesabu ni sahihi. Émérance alimsindikiza mwenzake mpaka garini, akampungia mkono, akabaki ameduwaa barabarani. Ilimuuma, tusidanganyane. Mwalimu Niyonzima akamsogelea.

“Kosa la hesabu, mwanangu, hata kompyuta inaweza kulirekebisha,” alisema. “Lakini mtu aliyechekwa mbele za watu hurudishiwa heshima yake mbele za watu, na mdomo uleule uliomcheka. Weye umeweza. Kuna watu wazima wengi ambao hatujaweza.”