Aliyeitika kwa Jina la Anania

Asubuhi ile Mama Pole alipoita jina la Anania, mtu aliitika.

"Naam," ilisema sauti, kwa upole, kama ya mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuitwa.

Dorika Mligo, msimamizi wa zamu ya asubuhi, aligeuka haraka na rejista yake kwapani. Wafanyakazi ishirini na mmoja walikuwa wamejipanga mbele ya spika, majaketi yamefungwa hadi kidevuni kwa ajili ya ule upepo wa Makambako usio na adabu, na wote walikuwa wakitazamana. Hakuna aliyekuwa amefungua kinywa. Anania mwenyewe alizikwa Matembwe mwaka uliopita.

Mama Pole hakuwa mtu. Ilikuwa akili mnemba, ambayo kiwanda kile cha mbao kiliinunua baada ya kifo cha Anania ili mtu aliyezidiwa agunduliwe kabla hajashika mashine. Kila saa moja asubuhi iliita majina kwa sauti ya kike. Wanawake waliitika "abee", wanaume "naam", na katika neno hilo moja, jinsi lilivyotoka kifuani, ilipima uchovu wa mtu. Ikikuona umezidiwa ilikuambia, "Pole na kazi. Nikupumzishe?" Ukisema ndiyo, taarifa ilikwenda kwenye simu ya Dorika, nawe ulikwenda chumba cha mapumziko kunywa chai. Mwanzoni watu waliicheka, wakaibatiza jina hilo la Mama Pole, kisha wakaipenda. Tuseme haki yake: kwa miezi miwili hakuna aliyekatwa hata ukucha.

Kosa lilikuwa la Dorika. Ndiye aliyeingiza majina, akinakili kutoka rejista ya zamani, na humo jina la Anania halikuwa limekatwa. Aliligundua siku ya pili tu. Ila kumwambia meneja alifute kulimtaka alitamke, na Dorika alikuwa na sababu zake za kutolitamka jina lile. Akaliacha. Siku sitini liliitwa na siku sitini hakuna aliyejibu. Hii ilikuwa ya sitini na moja.

Kesho yake ilikuja harufu: utomvu wa paina ulioungua, na ndani yake udongo mbichi, ule wa kaburi linalochimbwa wakati wa mvua. Mama Pole akamuuliza Hilari kama ampumzishe. Hilari alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na hakuwa amelala wiki nzima. Akasema ndiyo huku akicheka. Simu ya Dorika haikupokea taarifa yoyote.

Nusu saa baadaye Hilari aliacha magogo yake, akatembea taratibu hadi kwenye msumeno mkubwa, akalaza mkono wa kushoto juu ya meza sawasawa na mstari, vile alivyozoea kulaza ubao, na kwa mkono wa kulia akausukuma. Msumeno haukubadilisha hata sauti. Damu iliruka hadi kwenye mabati ya paa, ikadondoka juu ya maranda, na mkono ukatoka upande wa pili pamoja na vipande vya mbao. Dorika alipomfikia na kumkumbatia kwa nyuma ndipo alipolisikia jambo ambalo hakumweleza mtu kwa siku mbili. Hilari alikuwa akikoroma.

Walimkimbiza Njombe. Muuguzi aliyewapokea alimtazama, akavua glovu, akawaambia pole, ndugu yenu amepumzika.

Meneja alichomoa waya wa spika, akaufungia kabatini. Asubuhi iliyofuata majina yaliitwa vilevile. "Anania," iliita spika isiyo na umeme, na ile "naam" ikajibu, safari hii kutoka ndani ya spika yenyewe. Kisha sauti hiyohiyo ya kiume ikaendelea kuita wengine, na watu wakaitika kwa hofu, maana wengi wao walikuwa wamelelewa kuitika wakiitwa, na mdomo ulikuwa unawatangulia. Ilipofika kwa Rejoice, mdogo wake Dorika, ilisita.

"Pole na kazi," ilisema. "Nikupumzishe?"

Rejoice alikuwa akiamka alfajiri kila siku kumgeuza na kumwosha mama yao aliyepooza, kisha anafanya zamu mbili. Macho yake yalikuwa mekundu. Dorika alimtikisia kichwa kwa nguvu, na Rejoice akasema hapana, hajachoka. Hakuna aliyemwamini, hata spika.

Basi wafanyakazi wale, karibu wote Walutheri, bila kumwambia mchungaji wakamwendea Mzee Nasiri. Alikuwa dereva wa lori la magogo na mwalimu wa madrasa pale mjini, na watu walijua kwamba mambo ya namna hii yanamwogopa kidogo. Alifika, akanusa mlangoni, akamvuta Dorika pembeni.

"Huyu si Anania," alimnong'oneza. "Maiti haitiki, mwanangu. Mmeliacha jina wazi siku sitini, jini amepita akaliona halina mwenyewe, akalivaa. Alikufaje kijana huyo?"

Dorika akamjibu yaliyoandikwa: kwamba aliugua ghafla, akaangukia mashine.

"Nani aliisoma historia yake makaburini?"

"Mimi."

"Na ilikuwa kweli?"

Dorika akatazama viatu vyake. Mzee Nasiri hakumsukuma. Alimwambia tu kwamba kisomo kitamtoa jini mlangoni, lakini ufa aliopitia ni ule uongo, na auzibe aliyeutoboa, mbele ya watu wote. Dorika aliomba hadi kesho. Alimwogopa meneja, alimwogopa mjane wa Anania, na zaidi ya hao alijiogopa mwenyewe. Kwa kesho hiyo moja nusura amzike mdogo wake.

Kwani asubuhi jini hakungoja majina. Liliitwa moja tu, la Rejoice, na kabla Dorika hajavuka uwanja Rejoice alikuwa ameshaitika abee, ameshaulizwa, ameshasema ndiyo, nipumzishe, kwa sauti ya mtu anayeshushiwa mzigo, na msumeno uliokatiwa umeme tangu juzi ukaanza kuzunguka, kwanza polepole, halafu kwa ule mlio wake wa kupasua masikio, na Rejoice akauendea macho yamefumbwa huku akikoroma, na wanaume wawili waliomshika aliwatupa, mmoja akavunjika taya kwenye nguzo, mwingine akaangukia magogo na kutapika damu, na Dorika akamrukia shingoni, akamvuta, akamng'ata bega apate kuamka, hakuamka, Rejoice akaiinamisha shingo yake mezani, nywele zake zikaanza kunyonywa na meno ya msumeno, na Dorika akatia mkono wake mwenyewe kati ya shingo ile na chuma kile, na vidole viwili vikaondoka.

Hapo ndipo alipolia yale aliyoyaficha mwaka mzima.

"Anania hakuugua! Alikuwa na siku tatu hajalala. Aliniambia, dada Dorika nimechoka, nipumzishe, nami nikamwambia amalize gogo lile kwanza. Nilimuua mimi, na makaburini nikawasomea uongo."

Mzee Nasiri, aliyekuwa amerudi asubuhi ile kama walivyopatana, alikuwa ameshaanza kusoma, mkono juu ya spika, jasho likimtoka katika baridi ile. Spika ilipiga ukelele wa mwanamke na mwanamume kwa pamoja, ikapasuka, ikamwaga maji meusi yenye maranda na nywele. Msumeno ukasimama. Rejoice akaporomoka sakafuni, akashusha pumzi ndefu, na kukoroma kukakoma.

Dorika alilia hospitalini, wala si kwa ajili ya vidole. Alikwenda Matembwe, akapiga magoti mbele ya mjane wa Anania, akamweleza yote. Mjane alimpiga makofi mawili, kisha akakaa chini wakalia pamoja. Meneja hakumfukuza, alisema tu kwamba mashine ya kuita majina imekwisha na watarudia rejista.

Jumatatu iliyofuata Dorika alisimama mlangoni, mkono umefungwa bandeji, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Jina la Anania alikuwa amelikata kwa wino mwekundu, mistari mitatu. Akaita kwa kinywa chake mwenyewe, polepole, akimtazama kila mtu usoni kuona amelalaje.

"Eveline."

"Abee."

"Rabson."

"Naam."

"Anneth."

"Abee."

Akainua macho, akamtabasamia mdogo wake.

"Rejoice."

"Naam," akaitika Rejoice, kwa upole, kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuitwa.