Karatasi Thelathini za Anaeli

Kila siku saa kumi na moja jioni, Evelyn aligeuka kuwa mgonjwa. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita mwenye afya tele, ila dada yake Anaeli alikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha udaktari, na alihitaji mtu wa kufanyia mazoezi. Basi Evelyn akitoka shule, akishavua sare na kula chochote alichokikuta jikoni, alijilaza kwenye kochi na kusubiri kupimwa kifua.

Walikaa ghorofa ya tatu, Gerezani, juu ya maduka ya vipuri. Nyundo za mafundi zilipigwa kuanzia asubuhi, na maji ya bomba yalipanda ghorofani siku yalipojisikia.

"Shikamoo mama," Anaeli angesema, kana kwamba Evelyn ni bibi wa miaka sabini. "Mimi naitwa Anaeli, mwanafunzi wa udaktari. Naomba nikupime."

"Marahaba mwanangu," Evelyn angeitikia, huku akijizuia kucheka.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, daktari hunawa mikono. Kwa kuwa maji yalikuwa ya shida, Anaeli alisugua viganja hewani na kusema, "Hapa nimenawa." Mwishoni Evelyn alijaza karatasi yenye mistari kumi na tano. Kila jambo lililofanyika liliwekewa tiki, na lililosahaulika liliachwa wazi.

Wiki ya pili Anaeli aliacha hata kusugua hewa. Evelyn aliona, akauacha mstari ule wazi. Weee, siku hiyo palikuwa na mjadala.

"Sasa Eve, si unajua nitanawa siku ya mtihani?"

"Lakini leo hujanawa."

"Weka tiki bwana, usinichoshe."

Walibishana mpaka wenzake Evelyn waliokuwa wakimngoja chini kuruka kamba wakaanza kumwita kwa nguvu. Evelyn akaujaza mstari ule, na kuanzia siku hiyo aliweka tiki kila mstari, wakati mwingine kabla dada hajamaliza kupima. Zikafika karatasi thelathini, zote zimejaa.

Matokeo ya mtihani wa vitendo yalipobandikwa, sehemu ya kupima kifua Anaeli alikuwa na sifuri. Sifuri tupu, bila neno la kueleza. Aliambiwa afanye mtihani wa marudio, ule ambao wanachuo huuita sapu, na akishindwa huo atarudia mwaka mzima.

Siku ya kwanza alikwenda kuuliza sababu, ofisi imefungwa. Siku ya pili, mhusika yuko kikaoni. Siku ya tatu akaambiwa arudi kesho, na hiyo kesho ikawa Jumatatu. Hivi kuna ugumu gani kumwambia mtu alichokosea? Siku ya sita karani alifungua faili na kusoma maneno mawili: "Hakunawa mikono."

Anaeli alirudi nyumbani na hasira. Mama yao, Agnesi, ambaye alikuwa na duka la jumla la vitenge Kariakoo, alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

"Mama, Dokta Godbless alitufundisha kwamba ukisahau kunawa unapoteza alama mbili. Alama mbili tu. Dokta Kartik ndiye aliyesimamia, naye kwake ukisahau ni sifuri sehemu nzima. Chuo kimoja, somo moja, sheria mbili. Tuliosoma kwa huyu tunasahihishwa na yule."

"Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi," Mama alisema, akaketi.

"Na mimi nilinawa. Dokta Kartik alikuwa anachezea simu, hakuniona. Mwisho wa kupokea malalamiko ni kesho saa sita mchana. Naandika barua, na ushahidi ninao." Alitoa bahasha. "Karatasi thelathini. Kila moja inaonyesha nimenawa. Mtu aliyenawa mara thelathini anasahauje ya thelathini na moja?"

Evelyn aliitazama ile bahasha. Dada yake alikuwa anakwenda kuwawekea wakubwa mezani uongo alioujaza yeye. Ukigundulika, atakayeaibika ni Anaeli. Na usipogundulika, Dokta Kartik ataonekana mwongo bila kosa. Alimaliza kula haraka. Mama alipoingia kuoga, akamfuata dada yake.

"Dada, zile karatasi si za kweli."

"Unasemaje?"

"Hukuwa unanawa. Baada ya wiki ya kwanza hukuwa hata unasema umenawa. Niliweka tiki tu."

Anaeli alimkazia macho. "Kwa nini, Evelyn?"

"Nikiacha wazi unabisha. Na mimi nilitaka kwenda kucheza."

Evelyn alitegemea kofi au angalau matusi. Anaeli aliketi, akazitoa karatasi kwenye bahasha na kuzipitia moja moja.

"Chupa ya dawa ya mikono pale mtihanini naikumbuka," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa ya buluu, pembeni ya kitanda. Kwamba mikono yangu ililowa, sikumbuki." Akapangusa uso. "Mimi ndiye niliyebisha. Shule zenu zimefungwa, kesho utakuja nami."

Asubuhi, baada ya kumweleza Mama yote, walikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu hadi chuoni, barua mpya mkononi. Mkuu wa idara, Dokta Falguni, mama wa makamo mwenye miwani, aliitikia shikamoo zao na kuisoma barua mara mbili.

"Wiki hii nimepokea barua kumi na moja," alisema. "Zote zinasema mwalimu ana chuki. Hii ndiyo ya kwanza inayosema 'nilikosea'. Umeandika kwamba ulijidanganya kwa karatasi za mazoezi."

"Nilizijaza mimi," Evelyn alisema. Dokta alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

"Lakini soma na chini, Dokta," Anaeli alisema. Hasira yake haikuwa imekwisha. "Walimu wawili, sheria mbili. Na siku sita za kuzungushwa ili niambiwe maneno mawili."

"Nimesoma. Sifuri yako itabaki, kwa sababu hukunawa. Hayo mengine ni makosa yetu. Walimu wote watakaa na kukubaliana sheria moja kabla ya sapu, mtapewa mapema, na kila mwanafunzi ataonyeshwa karatasi yake."

"Kwa hiyo tumeumia bure?"

"Mmeumia. Sitakudanganya kwamba hamkuumia."

Wiki tatu zilizofuata hazikuwa na amani. Maji yalibebwa kwa ndoo mpaka ghorofa ya tatu, na Evelyn aliacha mstari wazi kila ulipostahili. Anaeli alinuna, akafoka, akarudia. Siku ya sapu alipata alama sabini na mbili, na karatasi yake ikaja na maelezo ya kila alama aliyopoteza.

Jioni hiyo Evelyn alimwonyesha Mama karatasi kwa furaha. "Angalia, sasa wanaeleza. Mwanzo walimpa sifuri wakanyamaza, mama. Ulikuwa uonevu."

"Kweli, ulikuwa uonevu," Mama alisema. "Mwalimu akikuficha kosa lako, hakufundishi. Ila dada yako alikuwa na walimu watatu."

Evelyn alihesabu kichwani. "Dokta Godbless, Dokta Kartik..."

"Na wewe. Mmoja alimwambia kosa hilo ni dogo, mwingine akampa sifuri bila kumwambia kosa. Wewe ulimpa alama zote bila kumwambia kosa. Wote mlimnyima kitu kimoja, ukweli wa kosa lake." Mama alimrudishia karatasi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukimpenda mtu, mwambie alipokosea, hata kama atakununia."